Kabla Parokia Haijanunua Mashine ya Midundo

Miongoni mwa maombi yanayoletwa na vikundi vya vijana lipo moja ambalo wazee wengi hulitazama kwa mashaka. Vijana wanaomba mashine ya kutengenezea midundo. Wangeomba cherehani au mashine ya kukamulia alizeti, kamati ingejua la kuuliza, kwa kuwa kazi yake inajulikana, fundi wake anajulikana na mteja wake anajulikana. Mashine ya midundo haijulikani. Kwa hiyo ombi hukataliwa kwa kuwa ni "mambo ya disko", au hupitishwa upesi kwa kuwa mfadhili ameonesha kulipenda. Njia zote mbili hazimsaidii kijana. Katika toleo hili tunaeleza jinsi kifaa hiki kinavyofanya kazi, jinsi mtu anavyojifunza kukitumia, na mambo ambayo kamati ingefaa kuyapima kabla ya kutoa fedha za waumini.

Kifaa chenyewe

Tuchukue mfano wa mashine moja inayofahamika sana, iitwayo Maschine, iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Native Instruments ya Berlin, Ujerumani. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ubao wa kuweka mezani wenye vibonye 16 vya mpira, vimepangwa vinne kwa vinne. Ya pili ni programu inayowekwa kwenye kompyuta. Waya wa USB huunganisha sehemu hizo. Vibonye hivyo, ambavyo vijana huviita pedi, huhisi nguvu ya kidole: ukigonga kwa upole sauti hutoka ndogo, ukigonga kwa nguvu hutoka kubwa, kama ilivyo kwa ngoma.

Liko jambo ambalo kamati nyingi haziambiwi, nalo ni kwamba ubao huo peke yake ni bubu. Sauti zote na hesabu zote zimo ndani ya kompyuta. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitoa aina nyingine, Maschine+, inayoweza kufanya kazi bila kompyuta, lakini bei yake ni kubwa zaidi. Kwa hiyo ombi linalotaja bei ya ubao tu, bila kutaja kompyuta, ni ombi la nusu ya kifaa.

Wazo la pedi 16 si geni. Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1 mwaka 1980, mashine ya midundo iliyotumia sauti zilizorekodiwa kutoka kwenye ngoma halisi. Mwaka 1988, kwa kushirikiana na kampuni ya Akai ya Japani, akatoa MPC60 yenye pedi 16. Wakati huo iliuzwa kwa karibu dola 5,000 za Marekani. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba kazi kubwa imehamia kwenye kompyuta, na bei imeshuka mpaka kikundi cha vijana kinaweza kuthubutu kuomba.

Somo la kwanza ni kuhesabu

Watu wengi hudhani kwamba mashine hutengeneza muziki na kijana hubonyeza tu. Tunaomba wanakamati wajaribu wenyewe zoezi lifuatalo. Halihitaji umeme wala kifaa chochote zaidi ya benchi la kanisani.

Hesabu moja hadi nne, tena na tena, kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika. Hesabu nne kamili zitachukua chini kidogo ya sekunde 3. Sasa gawa kila hesabu katika vipande vinne vilivyo sawa. Umepata hatua 16, na hizo ndizo taa 16 ambazo kijana huziona mbele yake kwenye pedi. Sauti nzito ya ngoma kubwa, ambayo mafundi huiita kiki, iweke kwenye hatua ya 1 na ya 9: igonge kwa mguu sakafuni. Sauti kali ya sneya iweke kwenye hatua ya 5 na ya 13: piga makofi. Kisha mwenzako agonge benchi kwa kalamu kwenye hatua ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea hivyo hadi ya 15. Mkifanikiwa kwenda pamoja kwa dakika moja bila kukimbia wala kuchelewa, mmetengeneza mdundo. Wengi hawafaulu mara ya kwanza, na mwanakamati aliyeshindwa zoezi hili huacha kabisa kusema kwamba vijana wanacheza.

Mashine husaidia pale mkono unapokosea. Ina uwezo wa kuuvuta mgongo uliochelewa na kuurudisha kwenye hatua iliyo karibu. Kwa mwanafunzi mpya huu ni msaada, lakini pia ni mtego. Mdundo ambao kila mgongo umenyooshwa hivyo husikika kama saa ya ukutani. Ndiyo maana Linn aliweka katika mashine zake kipimo cha kuyumbisha mwendo. Kwa kipimo chake, asilimia 50 maana yake hatua mbili zinazofuatana zinalingana; ukifika karibu asilimia 66, hatua ya kwanza huchukua theluthi mbili za muda na ya pili theluthi moja, na mdundo huanza kutembea kama mtu badala ya askari wa gwaride. Wapo waliokwenda mbali zaidi. James Yancey wa Detroit, aliyejulikana kama J Dilla na aliyefariki mwaka 2006, alisifika kwa kuiacha migongo yake mahali vidole vilipoiweka, bila kuinyoosha. Mashine yake ya MPC imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi mjini Washington.

Hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Programu inapofunguliwa huwa imepangwa kwa hesabu ya nne. Ngoma nyingi za kwetu haziendi hivyo. Kila pigo hugawanyika mara tatu, si mara nne. Kijana asiyefundishwa kubadili mpangilio huo ataulazimisha mdundo wa babu yake uingie kwenye hatua 16, utakataa, naye ataamini kwamba ngoma ya kwao haifai kwa muziki wa kisasa. Kubadili ni kazi ya dakika moja. Mwalimu ambaye hawezi kuionesha hafai kufundisha vijana wetu, hata kama ana jina mjini.

Sauti za kwetu, na sauti za wengine

Mashine huja na maktaba kubwa ya sauti. Tunashauri mwanafunzi aanze nazo lakini asikae nazo muda mrefu, kwa kuwa sauti zile zile zinatumiwa na watu dunia nzima. Kwa kipaza sauti cha kawaida anaweza kurekodi ngoma ya kwaya, kayamba, makofi, hata mchi kwenye kinu, na kuweka kila sauti kwenye pedi yake. Kazi hii huwavuta wazee pia, maana kijana hulazimika kwenda kuwauliza ngoma fulani hupigwaje.

Njia nyingine ni kuchukua kipande cha wimbo uliokwisha kurekodiwa, kukikatakata na kukipanga upya. Kifundi hili ni somo zuri la kusikiliza. Kisheria ni jambo zito. Kipande hicho kina haki za aina mbili, za mtunzi wa wimbo na za mwenye rekodi, na ruhusa hutakiwa kutoka pande zote mbili. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York iliamua kesi ya msanii Biz Markie, aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Jaji aliianza hukumu yake kwa kutaja amri ya Mungu inayokataza wizi, na albamu ile ikaondolewa sokoni. Kwetu kishawishi kikubwa ni kanda za kwaya za zamani. Kijana huona kwamba kwaya ni ya kanisa na kanisa ni letu sote, basi anachukua. Kwaya ile ina mtunzi wake na waimbaji wake, na huenda mtunzi bado yu hai katika kigango cha jirani. Aombwe ruhusa kwa maandishi.

Kumaliza wimbo

Kizuizi kikubwa cha wanaojifunza si vidole. Ni kumaliza. Kijana hutengeneza mdundo mtamu wa sekunde 10, unajirudia, anafurahi, kesho anaanza mwingine. Baada ya miezi mitatu ana vipande 60 na hana wimbo hata mmoja. Programu yenyewe imeweka njia: vipande vidogo huunganishwa kuwa sehemu, na sehemu hupangwa kuwa wimbo wenye mwanzo, ubeti, kiitikio na mwisho. Kazi hiyo inachosha, haina sifa, na ndiyo anayolipiwa mtayarishaji. Kamati ikitaka kujua kama mafunzo yanakwenda vizuri isiulize kama vijana wanafurahi. Iulize ni nyimbo ngapi zimekamilika, iketi, izisikilize mpaka mwisho.

Yanayopasa kupimwa

La kwanza ni kompyuta. Iwe na kumbukumbu ya GB 8 au zaidi, na nafasi ya kutosha, maana maktaba ya sauti hupakuliwa kwa intaneti na ni GB nyingi; gharama ya bando iingizwe kwenye bajeti. Kompyuta ya mkononi ni bora kuliko ya mezani kwa sababu betri yake huokoa kazi umeme unapokatika. Kompyuta dhaifu huleta kasoro nyingine: kidole hugonga na sauti huja baadaye kidogo. Uchelewaji huo, hata kama ni sehemu ndogo sana ya sekunde, huharibu mkono wa mwanafunzi, naye hudhani kosa ni lake.

La pili ni leseni, na hapa tunaomba umakini wa pekee. Programu husajiliwa kwa namba maalumu kwenye akaunti yenye barua pepe ya mtu. Kijana mmoja akisajili kwa barua pepe yake, kisha akahamia mjini, leseni imehama naye na ubao umebaki bubu. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, na neno la siri litunzwe na katibu pamoja na mtu mwingine mmoja. Mashine ikinunuliwa mkono wa pili, msilipe fedha yote kabla muuzaji hajahamisha leseni kutoka kwenye akaunti yake.

La tatu ni saa za kugusa mashine. Tufanye hesabu. Chumba kikifunguliwa saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni saa 20. Kwa vijana 10, kila mmoja anapata saa 2. Kwa vijana 20, saa 1, nayo haitoshi. Wawekwe wawili wawili, mmoja anapiga na mwingine anahesabu, kisha wabadilishane. Ratiba ibandikwe mlangoni, na saa za wasichana ziwe za mchana. Studio nyingi hufanya kazi usiku, na binti ambaye mzazi wake hamruhusu kutoka usiku hukosa mafunzo ingawa jina lake lipo kwenye orodha inayopelekwa kwa mfadhili.

La nne ni umiliki. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa mashine ni ya parokia, basi na nyimbo ni za parokia. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kumiliki kifaa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kabla ya somo la kwanza: nani mmiliki wa mdundo, kikundi kinapata nini ukiuzwa, na kama parokia inaweza kuutumia bure katika shughuli zake. COSOTA inasajili kazi za wasanii, na ni vizuri vijana wapajue mapema.

Kuhusu kipato, tusiwaahidi wafadhili mambo makubwa. Wachache huishi kwa kuuza midundo tu. Wengi hupata kidogo kidogo kwa kurekodi kwaya, kutengeneza matangazo ya redio na kusafisha sauti za sherehe.

Ushauri wetu ni kuanza na kilichopo. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam na ambao mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika, umekuzwa katika studio ndogo zenye kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za Studio ya Sisso, na ukasikilizwa Ulaya. Ipo programu ya bure iitwayo LMMS, ambayo inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia. Wapeni vijana wiki 8, mwalimu mmoja na jozi mbili za spika za masikioni. Wiki ya 8 kila jozi ya wanafunzi ilete wimbo mmoja uliomalizika, na ombi la mashine lijadiliwe siku hiyo hiyo, baada ya nyimbo kusikilizwa.

Mashine ikishanunuliwa, ifunikwe kitambaa dhidi ya vumbi, iandikwe kwenye daftari la mali, na kila Ijumaa kazi zote zinakiliwe kwenye diski ya nje pamoja na sauti zilizorekodiwa. Faili la wimbo likinakiliwa bila sauti zake, siku ya kulifungua kwenye kompyuta nyingine pedi zitawaka taa na hakuna kitakachosikika.