Safari ya Familia: Mama Naye Apumzike



Likizo ya mwisho wa mwaka inapokaribia, nyumba nyingi za mwambao wetu huwa na mazungumzo ya namna moja. Watoto wamefunga shule na wanataka kupelekwa mahali. Baba anahesabu alichonacho mfukoni. Mama anahesabu mabegi, dawa za nyanya, nepi za mdogo na vyombo vitakavyobebwa. Safari ikitimia, watoto hufurahi na picha hupigwa. Lakini katika vikao vya kusuluhisha wanandoa, kuna malalamiko mawili ambayo nimeyasikia mara nyingi kuhusu safari hizo hizo.

La kwanza hutoka kwa wake. Mke alichukuliwa kwenda kupumzika, akarudi amechoka kuliko alivyotoka. Alipika kule kama anavyopika nyumbani, tena kwa jiko asilolizoea. Alifua, akaosha vyombo, akachunga watoto kando ya maji, na mume akawa barazani akizungumza na nduguze. La pili hutoka kwa waume. Safari ya siku nne ilimwachia deni la miezi minne, na Januari ikaingia karo haijapatikana.

Malalamiko haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kusafiri bila ya kushauriana. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi shauri lililofanywa mapema linavyoweza kuwapa watu wote wa nyumba raha yao, akiwemo yule ambaye kwa kawaida husahauliwa.

Mwanzo wa safari ni shauri

Qur'ani Tukufu imetaja kuridhiana na kushauriana kati ya mume na mke hata katika jambo la kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa jambo hilo la ndani ya nyumba lina shauri, vipi safari itakayogusa mali, afya, stara na ibada ya familia nzima?

Na anayetaka mfano wa msafiri mwema kwa ahli zake, atazame sira ya Mtume wetu (s.a.w.). Akiwa safarini aliwaambia masahaba watangulie, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), naye Bibi Aisha akashinda, baadaye, katika safari nyingine, Mtume akamshinda na kumtania kwamba ile ilikuwa malipo ya siku ile. Katika safari nyengine kidani cha Bibi Aisha kilipotea, na jeshi zima likasimama kikatafutwa, mpaka ikateremka aya ya tayamamu. Na Anjasha, aliyekuwa akiwaendesha ngamia waliowapakia wanawake, aliamrishwa apunguze mwendo kwa kuwahurumia. Katika visa hivi vitatu tunaona mchezo, subira na upole, na vyote vitatu alitendewa mwanamke safarini.

Basi baba na aketi na watu wake wiki kadhaa kabla ya safari, na swali la kwanza alielekeze kwa mama: wewe ukienda, ungependa kupumzika na kazi gani? Huenda jibu likawa jiko. Huenda likawa kufua, au kuamka na mtoto alfajiri. Jibu hilo ndilo litakaloamua mahali pa kulala, na hata siku za kukaa.

Fedha kabla ya furaha

Tuchukue mfano wa familia ya watu saba ya Mombasa, yaani baba, mama, nyanya na watoto wanne, wanaotaka kwenda Watamu na kulala siku tatu. Karo ya Januari itengwe kwanza, na kodi ya nyumba itengwe. Kinachobaki ndicho cha safari. Anayeanza mapema huona wepesi: akiweka shilingi 700 kila wiki kuanzia mwisho wa Aprili, baada ya wiki 30, yaani mwisho wa Novemba, atakuwa na shilingi 21,000 bila ya kumkopa mtu. Fedha hizo zigawanywe mafungu manne: nauli, malazi, chakula, na fungu la dharura lisiloguswa ila kwa dharura.

Ikiwa kiasi kilichopatikana hakitoshi siku tatu, waende siku moja na kurudi. Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu kwa asichoweza, na hakuna fahari katika picha iliyolipiwa kwa deni.

Tukumbuke pia kwamba nafaka ya mke, malazi na chakula chake viko juu ya mume, wakiwa nyumbani au wakiwa safarini pamoja naye. Mke mwenye biashara yake au mshahara wake akichangia, huo ni wema wake na ana thawabu. Si haki kumhesabia fedha zake kabla ya kumuuliza.

Wakati nao una bei yake. Hoteli nyingi za pwani hupandisha bei katika wiki ya mwisho ya Disemba. Familia inayokwenda mara tu shule zinapofungwa hupata nafasi kwa bei ndogo na utulivu zaidi. Wakati huo kaskazi imeanza kuvuma na bahari huwa tulivu kuliko miezi ya kusi.

Hoteli au nyumba ya kukodi?

Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa. Familia zetu nyingi hupendelea nyumba ya kukodi yenye jiko lake. Sababu zao ni nzuri: gharama ni nafuu, uhalali wa chakula unajulikana, na wanawake wana faragha. Lakini nyumba yenye jiko itataka mpishi, na ikiwa hakuna aliyetajwa, mpishi atakuwa mama.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kutafuta nyumba iliyo na mpishi wake. Watamu na Malindi nyumba za namna hii zipo, na mara nyingine ujira wa mpishi huwa umo ndani ya kodi. Muulizeni mwenye nyumba mapema, na nyama mnunue wenyewe kwa mchinjaji mnayemwamini. Ya pili ni kugawana kazi kwa majina. Baba na wavulana wakubwa wachukue chakula cha usiku, wasichana waandae chai, na asubuhi mahamri na mbaazi yanunuliwe nje. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na hakuna mwanamume aliyepungukiwa na heshima kwa kugeuza samaki kaangoni. Ya tatu ni hoteli, ambako jiko si la mama kabisa.

Mkichagua hoteli, pigeni simu na muulize mambo haya kabla ya kutoa arbuni:

Je, nyama ni halali, na je, nguruwe hupikwa katika jiko lilelile? Je, pombe huuzwa katika ukumbi wa kulia chakula, na je, kuna meza ya familia iliyo mbali nayo? Ikiwa katika friji ya chumbani huwekwa vileo, je, watavitoa kabla hamjafika?

Je, kidimbwi cha kuogelea kina saa za wanawake peke yao? Na ikiwa hakuna, je, mavazi ya kuogelea yenye stara yanaruhusiwa? Ni aibu kubwa kwa binti kutolewa majini mbele za watu kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa simu moja.

Je, kuna chumba cha chini kwa nyanya asiyeweza ngazi, na pahali pa baridi pa kuhifadhia dawa yake ya kisukari? Je, watoto hulipiwa kuanzia umri gani, na bei ni pamoja na kifungua kinywa tu au na chakula cha usiku pia?

Na swali la vitanda lisisahauliwe. Tumefundishwa kuwatenganisha watoto katika malazi wafikapo miaka kumi. Familia yenye kijana wa miaka kumi na mbili na binti wa kumi na mmoja haitatoshwa na kitanda kimoja cha ziada kilichotandikwa pembeni. Vyumba viwili vyenye mlango wa kupitana vinafaa zaidi.

Tahadhari moja ni ya lazima kwa wanaokodi nyumba kwa kuziona picha tu. Wako walaghai wanaopachika picha za nyumba isiyo yao, wakapokea fedha kwa simu, kisha wakazima namba. Msitume fedha zote kwa mtu msiyemjua. Mwombeni jamaa au rafiki aliye karibu na pale aione nyumba kwa macho yake, takeni risiti, na sehemu kubwa ya malipo ifanyike mkishapokea funguo.

Bahari ina miadi yake

Wazee wetu hawakwenda baharini bila ya kutazama mwezi, nasi tusiuache ujuzi huo. Bamvua huwa karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani mwanzoni na katikati ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa sana na kupwa sana, na katika mwambao wetu hupwa asubuhi kuelekea saa nne au saa tano. Watamu hapo ni pahali pa kuwaonyesha watoto vidimbwi vya miambani, kaa na nyota za bahari, ila wasichukue kitu, kwani sehemu kubwa ya bahari ile ni hifadhi. Anayependelea watoto waogelee asubuhi, basi achague siku za maji mafu, ambazo maji hayaendi mbali.

Watoto waogelee maji yanapojaa, wala si yanapotoka kwa kasi. Na zamu ya kuwalinda iandikwe: saa hii ni ya baba, saa hii ni ya mjomba, saa hii ni ya mama. Mtoto anayelindwa na watu wote kwa jumla huwa halindwi na yeyote. Mkipanda mashua, kila mtu avae jaketi la kuokolea, hata anayejua kuogelea.

Sala safarini

Sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi tuna ruhusa ya kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, safari inapofika masafa ya kilomita 80 na kitu. Watamu ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombasa, basi ruhusa ipo mkishatoka nje ya mji. Anayetoka Mombasa kwenda Diani hajafika masafa hayo, na atasali kamili. Aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, naye husali kamili tangu afikapo. Na anayesali nyuma ya imamu mkaazi humfuata kwa rakaa nne.

Kibla kisiwatie wasiwasi chumbani. Mombasa na Makka ziko karibu sana katika mstari mmoja wa longitudo, hivyo kibla chetu ni kaskazini. Katika pwani yetu, ukielekea kibla, bahari kuu huwa mkono wako wa kulia.

Asubuhi moja ya Gede

Katika siku zenu, tengeni asubuhi moja kwa magofu ya Gede, mwendo mfupi kutoka Watamu. Mnamo 2024 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Humo mna kasri, visima, makaburi ya nguzo, na msikiti mkuu ambao mihrabu yake bado inaonekana. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa ya mwaka 802 Hijria, ambao ni 1399 Miladia. Mtoto aliyesoma madrasa na aisome tarehe hiyo, ajue kwamba zaidi ya miaka 600 iliyopita walikuwapo hapa watu walioelekea kibla kilekile anachoelekea yeye. Somo hilo halitapatikana katika kidimbwi cha hoteli yoyote. Nendeni mapema kabla jua halijawa kali, na chukueni maji ya kunywa.

Baba atakayekuwa na zamu ya watoto asubuhi hiyo, amwache mama abaki akitaka. Alale, asome, au aketi na mama yake wazungumze bila ya kuitwa na mtu. Saa tatu za namna hiyo humrudishia mwanamke nguvu za miezi, na hazilipiwi hata shilingi moja.

Basi, ndugu msomaji, safari yenu ipimwe hivi: mkirudi nyumbani, je, sala zenu zilisaliwa, deni halikuingia, na je, mama ameshuka garini akiwa na uso mkunjufu kuliko alivyopanda? Ikiwa ndivyo, hiyo ilikuwa safari njema, hata kama mlilala siku moja tu. Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awarudishe salama, na ajaalie nyumba zetu ziwe na mapenzi na huruma, tukiwa safarini na tukiwa majumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.