Pete Yenye Pengo: Istilahi Moja ya Elimu ya Nuru

Rasimu ya tafsiri ya fizikia niliyoombwa kuisoma ilikuwa na fungu hili: "kivumishi cha pete iliyopasuka". Kwa mwanasarufi fungu hili ni fumbo. Mfasiri hakuvunja kanuni ya unyambuaji: alianza na vuma, akapata vumisha, akaishia kivumishi. Bahati yake mbaya ni kwamba neno hilo lilikwisha kuchukuliwa na wanasarufi. Hata hivyo, istilahi haiwezi kuhukumiwa na asiyejua kitajwacho. Basi tuanze na kifaa chenyewe.

Ni pete ya metali, kama shaba au dhahabu, isiyofunga. Mahali pamoja imeachwa nafasi nyembamba. Wimbi la redio au la nuru likipenya ndani ya mzingo wake, sumaku ya wimbi hilo husukuma mkondo wa umeme kuizunguka pete. Mkondo ukifika penye nafasi hauwezi kuvuka. Chaji hurundikana ukingoni, kisha mkondo hugeuka na kurudi, chaji zikarundikana ukingo wa pili. Na hivyo hivyo, kama bembea. Kwenda na kurudi huko kuna kima chake, kinachotokana na ukubwa wa mzingo na wembamba wa nafasi. Wimbi lenye kima hicho hupokewa kwa nguvu. Mengine yote pete huyapuuza.

W. N. Hardy na L. A. Whitehead walieleza kifaa cha namna hii mwaka 1981, kwa mitetemo ya megahetsi 200 hadi 2000. Mwaka 1999 John Pendry na wenzake, huko Uingereza, walionyesha kwamba pete nyingi za aina hii, kila moja ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, zikipangwa pamoja hutenda kama kitu kimoja chenye tabia ya sumaku, ingawa shaba yenyewe si sumaku.

Kufikia nuru kulihitaji udogo. Vipimo vyote vikipunguzwa mara kumi, mitetemo huongezeka mara kumi. Mwaka 2004 Stefan Linden na wenzake walitangaza pete za dhahabu, ndogo kuliko mikromita moja, zilizotetema karibu mara trilioni 100 kwa sekunde, yaani katika nuru ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Kanuni hiyo haiendelei bila kikomo. Katika pete ndogo mno, uzito wa elektroni, ambao katika pete kubwa hauhesabiwi, huanza kuzichelewesha, na mitetemo hukataa kupanda zaidi.

Faida yake katika upimaji imo katika ile nafasi. Humo ndimo nguvu ya umeme inamojikusanya. Chembe za protini zikitua humo, chaji nyingi zaidi huweza kurundikana, na kima cha pete hushuka. Mpimaji haoni chembe. Huona kwamba pete sasa huchagua wimbi refu kidogo kuliko la awali.

Sasa turudi kwenye jina. "Iliyopasuka" haifai, kwani kilichopasuka kimeharibika, na hapa nafasi imekusudiwa. Pasipo nafasi hakuna kazi. Pengo ni neno bora, maana mtoto yeyote hulijua kwa ulimi wake. Kuhusu sehemu ya pili, vuma na vumo humpeleka mwanafunzi kwenye sauti, na nuru haina sauti. Naona itika inakaribia zaidi ukweli: pete huitika pale tu inapoitwa kwa kima chake. Basi napendekeza "kiitikio cha pete yenye pengo", na tukio lenyewe liitwe mwitiko. Waimbaji watadai kwamba kiitikio ni chao. Ni kweli, lakini kibwagizo nacho humngoja kiongozi atoe wimbo ndipo kisikike, wala sioni mwanafunzi atakayepotezwa na ulinganisho huo kama alivyopotezwa msomaji wa ile rasimu.