"Kilimo kina wenyewe": kauli inayowagharimu vijana kabla hawajapanda

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, tuzungumzie kitu ambacho hakiuzwi duka la pembejeo lakini ukikikosa hata mbolea utaimwaga bure. Nacho ni imani ya mtu kwamba jambo hili naliweza, na nisipoliweza leo naweza kujifunza.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya kauli ninayoisikia sana huku Kipili: "Bwana shamba, kilimo kina wenyewe." Mmoja wa walioniambia hivyo ni kijana aliyepanda viazi mviringo robo ekari, akavuna vya ukubwa wa gololi. Mbegu alinunua Sumbawanga kwa mtu anayevuna vizuri kila mwaka. Baada ya hapo akahitimisha kwamba hana mkono wa kulima, akauza hata pampu ya kupulizia.

Sasa tuangalie kilichotokea. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kuna baridi. Sisi tuko kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800, joto mchana na usiku. Kiazi mviringo kinataka usiku wa baridi ili kijaze chini, penye joto kinamalizia nguvu kwenye majani. Yule wa Sumbawanga angeleta mkono wake hapa Kipili naye angevuna gololi. Lakini kijana wetu hakuuliza zao lile linataka nini. Alijihukumu mwenyewe, kesi ikaishia hapo.

Hiyo ndiyo hasara ninayotaka tuipigie hesabu. Viazi vya robo ekari ni hela ya msimu mmoja. Kuacha kuuliza ni hasara ya kila msimu unaofuata.

Jambo hili limechunguzwa sana na mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyefariki mwaka 2021. Alizaliwa Kanada, kwa wazazi wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki waliofyeka pori wakafungua shamba, kwa hiyo si mtu wa mbali sana na sisi. Mwaka 1977 alichapisha makala iliyokuja kusomwa dunia nzima, akieleza kwamba mtu anavyojiona kuhusu kuliweza jambo fulani ndivyo vinavyoamua kama ataanza, ataweka nguvu kiasi gani, na atavumilia muda gani mambo yakiwa magumu. Alifanya majaribio na watu wanaoogopa nyoka kupita kiasi. Aligundua kwamba maneno ya kutia moyo yana nafasi yake, na kumwona mwenzako akimshika nyoka kunasaidia zaidi, ila kilichowabadilisha kweli ni kusogea hatua kwa hatua mpaka wao wenyewe wakamshika.

Imani haioteshi mahindi, tusidanganyane. Inachofanya ni kukubakiza shambani muda wa kutosha ili ujifunze. Majani yakigeuka njano, anayeamini anaweza kujifunza anang'oa mche mmoja, anaangalia mizizi, anampigia mtu simu. Asiyeamini anasema "si nilijua tu", anarudi kijiweni. Mvua ni ileile na udongo ni uleule, lakini baada ya miaka mitatu mmoja ana majibu kumi na mwingine ana lawama. Kwenye mafunzo nawatambua mapema. Mmoja atauliza, "Nikipanda kwa nafasi hiyo, jembe la ng'ombe litapita wakati wa palizi?" Mwingine atauliza kama posho ipo. (Simlaumu wa posho, njaa ni njaa.)

Kitu kingine ambacho wengi hatukijui ni kwamba imani hii haiko moja ndani ya mtu. Inakwenda kwa kazi. Hapa kwetu ilionekana wazi mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kuna vijana wanaoingia ziwani usiku na taa kutafuta dagaa na migebuka, wanasoma upepo, wanapiga hesabu ya petroli kichwani, wanagawana mapato ya chombo bila ugomvi. Mpeleke kijana huyohuyo kwenye kitalu cha nyanya, anakuwa mpole kama mgeni msibani. "Sisi ni watu wa maji, bwana shamba." Lakini kukesha, kusoma hali ya hewa na kujua gharama kabla ya kutoka ni nusu ya kilimo biashara. Anacho tayari, hajui tu kwamba kinafanya kazi na huku.

Na hao wenye kilimo, kwani walizaliwa nacho? Wazee wa uwanda wa Ufipa walikuwa na intumba, yale matuta ya mviringo ya kufukia nyasi ili zioze, halafu msimu unaofuata yanasambazwa na kupandwa nafaka. Hiyo ni mboji, kabla ya afisa ugani yeyote kufika. Waliifikia kwa kuangalia, kujaribu na kurudia.

Sasa, imani inajengwaje? Njia moja ni kumwona mtu wa hali yako akifanikiwa. Nasisitiza, wa hali yako. Mwaka 2010 huko Doba, mashariki mwa Ethiopia, watafiti waliwaonyesha wanavijiji filamu fupi za watu wa kawaida kama wao, wakulima na wafanyabiashara wadogo, wakieleza kwa mdomo wao jinsi walivyojikwamua. Wengine walionyeshwa vichekesho vya televisheni. Hakuna aliyepewa mbegu wala hela. Baada ya miezi 6, walioona filamu zile walikuwa wanaweka akiba zaidi, na watoto wengi zaidi wa kwao walikuwa shuleni. Ndiyo maana nikiandaa ziara ya mafunzo siwapeleki vijana kwa tajiri mwenye trekta tatu. Wanarudi wakisema "yule ana hela." Nawapeleka kwa aliyeanza na ndoo ya kumwagilia.

Lakini kuna imani nyingine ya uongo, nayo inaua mitaji kuliko kantangaze. Hiyo ni ya kilimo cha kwenye simu. Ekari moja ya tikiti, miche 4,000, kila mche matunda 2, kila tunda shilingi 1,500, tayari una milioni 12 na bado umelala kitandani. Kijana anakopa, analima ekari nzima zao ambalo hajawahi kuligusa, linampiga. Anabaki na deni, na sasa ana ushahidi mkononi kwamba kilimo kina wenyewe. Wahamasishaji wanaopiga kelele "jiamini!" ukumbini hawapo siku ya kulipa mkopo.

Huko Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 walifanyiwa utafiti uliochapishwa 2017. Kundi moja lilifundishwa biashara kwa njia ya kawaida, mahesabu na masoko. Jingine lilifundishwa kujituma, yaani kujiwekea lengo, kutafuta upenyo kabla ya mwingine, kupanga namna ya kuvuka vikwazo, huku wakifanya mazoezi kwenye biashara zao. Hili la pili faida yake ilipanda kwa asilimia 30. Ongezeko la lile la kwanza halikuwa la uhakika. Mimi sisemi tuache mahesabu, nitakuwa wa mwisho kusema hivyo. Nasema mahesabu yanamfaa mtu anayejiona dereva, siyo abiria.

Kwenye kilimo njia ninayoiamini ni shamba darasa, kwa sababu pale huambiwi, unaona. Viwavijeshi vamizi walipoingia mkoani kwetu 2017 wengi walinyoosha mikono. Ila ukimfundisha mtu kutembea shambani kwa umbo la W, kusimama sehemu 5, kukagua mimea 10 kila sehemu, kuhesabu iliyoshambuliwa na kuponda mayai kwa vidole, woga unapungua wenyewe. Mdudu aliyehesabiwa ana mwisho.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza nyanya kiangazi hiki, acha ekari kwanza. Pima mita 10 kwa 10. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50 utaweka karibu miche 320, na maji utayabeba mwenyewe. Nunua daftari. Andika tarehe ya kitalu, ya kuhamisha, ya kila mbolea na kila dawa, siku ulipoona jani la kwanza lenye baka. Mche ukifa andika umekufa na nini. Ni bakajani? Kantangaze? Maji yalichelewa siku ngapi? "Bahati mbaya" usiiandike, haina dawa dukani. Ukivuna, pima kilo, maana bei si yako lakini kilo ni zako. Ukiona sababu zako zinaeleweka, msimu unaofuata nenda robo ekari.

Kabla ya kusia mbegu nipigie, tuangalie pamoja udongo na umbali wa maji. Njoo na daftari lako la msimu uliopita kama unalo, hata kama lina ukurasa mmoja tu, na ukurasa wenyewe unasema nyanya zote zilikufa.