Kitanda kipo Rusinga, boti iko wapi?

Hoteli nyingi za mji wa Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria, hazikujengwa kwa ajili ya mtalii. Jumatatu hadi Alhamisi vyumba hukaliwa na watu wa warsha: maafisa wa kaunti, wafanyakazi wa mashirika, wakaguzi wa miradi. Ijumaa huingia waombolezaji kutoka Nairobi na Kisumu. Jumamosi wanazika, Jumapili wanarudi. Desemba ni ya wenyeji waliokuja nyumbani. Aliyekuja kuota jua tu ni nadra.

Wala si kwamba hakuna cha kumwonyesha. Rusinga ina kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ndicho kisiwa ambapo Mary Leakey alichimbua fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Kisiwa cha Takawiri kina mchanga mweupe ambao mtu wa Diani hataudharau. Mfangano, kisiwa kingine, ina michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone, miviringo myekundu na myeupe ambayo wenyeji husema ni kazi ya Watwa waliokuwepo kabla yao, na ina makumbusho ya Waabasuba. Bara, katika bonde la Lambwe, Hifadhi ya Ruma ndiyo makao ya mwisho ya swala aina ya korongo nchini Kenya. Mgeni wa siku tatu hawezi kuyamaliza hayo.

Kinachokwamisha biashara ni maji yaliyo katikati. Rusinga imeponea hapo, maana inafikika kwa gari: kwanza kwa tuta la mawe la miaka ya 1980, lililoziba mkondo wa maji na kuwaudhi wavuvi, na sasa kwa daraja. Ndiyo maana nyumba za wageni zimeota Rusinga kuliko kwingine. Ukitaka kuvuka kwenda Takawiri au Mfangano, hesabu hubadilika. Boti ya abiria huondoka Mbita, upande wa bara, ikijaa, na saa ya kujaa haijulikani. Ya kukodi huondoka ukilipa, na unalipia petroli ya kwenda na ya kurudi hata kama mko wawili. Familia ya watu watano kutoka Kisii, iliyopanga bajeti ya kitanda na samaki, hukuta usafiri wa majini umemeza pesa ya usiku wa pili.

Kambi ya kifahari ya Mfangano ililikwepa tatizo hili kwa kuwaleta wageni kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara, waje kuvua mbuta (sangara) kwa ndoano kisha warudi kwa simba wao. Biashara nzuri, lakini haikumpa muuza soda wa Sena, kisiwani humo, chochote cha maana.

Waganda walianza upande mwingine. Visiwa vya Ssese, wilayani Kalangala, vinafikiwa kwa MV Kalangala kutoka Nakiwogo karibu na Entebbe, na upande wa Masaka feri ya Bukakata hadi Luku huvusha watu na magari bila nauli. Hoteli za ufuo wa Lutoboka zimejipanga kwa ratiba ya MV Kalangala: meneja anajua wageni wanafika saa ngapi, mpishi naye anajua. Kwetu feri ipo kati ya Luanda K'Otieno na Mbita, na inasaidia sana anayetoka Kisumu, lakini inaishia bara.

Tarehe 1 Juni 2025 Homa Bay iliandaa sherehe za Madaraka, mada ikiwa uchumi wa buluu. Barabara zilitengenezwa, vyumba vikajaa. Sikukuu hujaza vyumba usiku mmoja au miwili. Mimi ningefurahi zaidi kuona ratiba ya boti imebandikwa gatini Mbita, ikiambatana na ukaguzi wa jaketi za kujiokolea. Ajali ya MV Nyerere karibu na Ukara, Tanzania, mnamo Septemba 2018, iliyoua zaidi ya watu 220, bado iko akilini mwa kila anayepanda chombo katika ziwa hili.

Upande wa chakula, pesa iko wazi zaidi. Mgeni huagiza ngege (tilapia) mzima, wa kukaanga au wa mchuzi, pamoja na ugali na osuga (mnavu). Ngege wa ziwani wamepungua, hivyo hoteli hupenda wa kufugwa katika vizimba, ambao huja kila siku na hulingana ukubwa. Vizimba hivyo vimetapakaa katika maji ya Homa Bay. Minofu ya mbuta huenda viwandani na kusafirishwa nje. Kinachobaki ni mgongo wazi, unaokaangwa na akina mama kando ya barabara. Ni mtamu, wa bei nafuu, na sijaelewa kwa nini hoteli zinauonea haya.

Kaunti jirani ya Migori ina kazi ngumu zaidi. Migingo, kisiwa cha mwamba na mabati tupu ambacho Kenya na Uganda zimekigombania tangu miaka ya 2000, ni maarufu duniani kwa picha, lakini ukienda huko unaenda kwa hisani ya polisi wa nchi mbili. Muhuru Bay na Sori zina fuo za wavuvi, si za wageni. Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wa kushikanisha, yaliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018, lakini mgeni huzunguka saa mbili na kuondoka bila kununua hata chai.

Wawekezaji hawana budi pia kulihesabu ziwa lenyewe. Mei 2020 lilivunja rekodi ya 1964 kwa kujaa, likazamisha fuo na kuta za hoteli. Kichocho kipo katika maji ya kingo, na anayewaambia wageni waogelee popote anawadanganya.

Boti, hata hivyo, hazikosekani. Uvuvi wa omena (dagaa) hufungwa kila mwaka, kwa kawaida Aprili hadi mwisho wa Julai, na mamia ya mashua hulala ufuoni huku wenye mashua wakikopa. Aprili ni mvua, lakini Juni na Julai ni kavu, na Julai ndipo Maasai Mara inapoanza kujaa watalii. Mashua ya omena inahitaji viti, jaketi na cheti cha ukaguzi kabla ya kubeba mgeni, gharama ambayo mkopo wa chama cha akiba na mikopo unaweza kuimudu, mradi kuna mwenye hoteli atakayeahidi kuikodi.