Simu ya mezani kwa ofisi ndogo: hesabu laini, usihesabu vifungo

Anayetafuta simu ya mezani kwa ajili ya ofisi ndogo, iwe Bukavu, Butembo, Bunia au Kalemie, huvutwa kwanza na vifungo. Vikiwa vingi, anadhani simu ina nguvu zaidi. Lakini kwa duka la dawa, kabineti ya wakili, wakala wa usafiri au shirika dogo la wenyeji, swali la maana ni moja: watu wawili wakipiga kwa wakati mmoja, je, wote wawili watajibiwa?

Swali hilo si la anasa. Mgonjwa anayeuliza kama dawa imefika, au familia inayotaka kujua kama gari limefika salama, haitapiga mara tano. Wakikuta laini imeshikwa, wanapiga kwa jirani anayefanya kazi ileile. Tena, mara nyingi namba wanayopiga imo mfukoni mwa mfanyakazi mmoja. Siku huyo akiumwa, akisafiri au akiacha kazi, namba inayojulikana na wateja wote inaondoka naye.

Nyaya zilikufa, kazi ikabaki

Simu za mezani za laini mbili au nne zilibuniwa kwa ajili ya nyaya za shaba zinazoingia ofisini kutoka nguzo za barabarani. Hapa kwetu nyaya hizo zilichakaa zamani. OCPT, ambayo leo inaitwa SCPT, haikuweza kuutunza mtandao wake wa waya. Tangu miaka ya 1980, Telecel ya mfanyabiashara Miko Rwayitare ilikuwa imeanza Kinshasa kuuza simu zisizo na waya kwa viongozi na matajiri, kwa sababu simu za serikali hazikutegemewa. Leo, mashariki mwa nchi, sauti inapita hasa kwa Vodacom, Airtel na Orange.

Kwa hiyo, simu nzuri iliyoletwa kutoka Dubai au Ulaya, yenye tundu dogo la waya nyuma yake na isiyo na nafasi ya kadi SIM, haitalia yenyewe hata siku moja. Itahitaji chombo kingine cha kuiunganisha na mtandao wa simu za mkononi.

Mitego mingine mitatu ni ya kuangaliwa katika vyombo vilivyokwisha kutumika. Wa kwanza ni simu za mezani za CDMA: kwa macho zinafanana na zile za kadi SIM, lakini hazielewani na mitandao ya GSM tunayotumia. Wa pili ni umeme: chaja iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani pekee itaungua kwenye volti 220 za kwetu, basi soma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kuichomeka. Wa tatu ni simu zilizofungwa zifanye kazi na kampuni moja au na mtambo mmoja tu. Simu ya namna hiyo inaweza kuwaka na kuonyesha saa, lakini isikubali kupiga.

Kadi mbili si lazima laini mbili

Chombo kinachofaa ofisi nyingi ndogo ni simu ya mezani ya GSM: ina mkono wa kusikilizia, vifungo vikubwa, antena, batri ndani na nafasi ya kadi SIM. Uliza kama inapokea masafa ya 900 na 1800 MHz. Ni heri pia iwe na 3G.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Simu yenye nafasi mbili za SIM kwa kawaida ina redio moja tu. Kadi zote mbili zinasubiri, lakini ukianza kuongea kwenye moja, nyingine inalala. Mteja wa Airtel anayepiga wakati sekretari anaongea kwenye Vodacom ataambiwa kwamba namba haipatikani. Ofisi ina namba mbili, lakini mazungumzo ni mamoja.

Jaribio lake ni rahisi na linafanyika dukani, kabla ya kutoa pesa. Weka kadi mbili ndani ya simu. Mwenzako apige namba ya kwanza, wewe upokee na muendelee kuongea. Mtu wa tatu apige namba ya pili. Ikilia, una laini mbili za kweli. Ikikaa kimya, una laini moja yenye namba mbili.

Hiyo haimaanishi kwamba simu ya namna hiyo ni mbaya. Kwa ofisi ya mtu mmoja au wawili inaweza kutosha, mradi upange mambo. Mitandao ya GSM ina alama zinazojulikana duniani kote. Ukipiga *43#, unawasha huduma ya kusubirisha: ukiwa kwenye mazungumzo unasikia mlio kwamba mtu mwingine anapiga kwenye kadi hiyohiyo. Ukipiga **67* ukafuatisha namba nyingine na alama ya #, simu inayokuja wakati laini imeshikwa inapelekwa kwenye namba hiyo. Alama **62* inafanya vilevile wakati simu imezimwa au haipatikani, na hiyo ndiyo inayofaa kwa ile kadi iliyolala. Kufuta uelekezaji wote wa simu ni ##002#. Kumbuka kwamba sehemu ya pili ya safari ya simu iliyoelekezwa inalipwa na ofisi, si na mteja. Ikiwa kadi ya ofisi haina inite, mpango wote unaanguka. Jaribu kila alama na kila kadi kabla ya kuitegemea.

Njia nyingine ya unyenyekevu ni kununua simu mbili za mezani za kadi moja moja, za mitandao miwili, na kuziweka juu ya meza ileile. Haipendezi sana kwa macho, lakini inapokea watu wawili. Moja ikiharibika, ofisi haizimiki.

Ofisi ikifika watu watatu au zaidi

Mambo yanabadilika pale ambapo kuna mapokezi, mhasibu na mkubwa wa kazi, kila mmoja chumbani kwake. Sasa haitoshi kupokea. Inabidi kumwomba mteja angoje, kumpeleka kwa mhasibu, na kuongea chumba kwa chumba bila kulipa.

Hapo ofisi inahitaji vyombo viwili. Cha kwanza ni kisanduku cha kupokea kadi SIM, ambacho kila nafasi yake ina redio yake. Kisanduku cha kadi nne za namna hiyo ni laini nne za kweli. Hapa pia muulize muuzaji ni mazungumzo mangapi yanayoweza kufanyika kwa pamoja, na umwombe aonyeshe. Cha pili ni mtambo mdogo wa kugawa simu kwenye vyumba. Unaweza kununuliwa tayari, au ukafanywa na kompyuta ndogo yenye programu ya Asterisk, ambayo Mark Spencer wa Marekani aliianzisha mwaka 1999 na ambayo hailipiwi. Lakini programu ya bure inahitaji fundi anayeijua. Kama mjini kwenu hayupo, ni heri mtambo wa kununua.

Mezani zitakaa simu za SIP, zile zinazounganishwa kwa kebo ya kompyuta: Yealink, Grandstream, Fanvil na nyinginezo. Hizi pia zina mtego wa hesabu. Vifungo vinne vya laini si lazima viwe namba nne, kwa kuwa vinaweza kuwa njia nne za kushika mazungumzo ya namba moja. Soma kwenye karatasi yake simu inapokea akaunti ngapi za SIP. Kwa sekretari, akaunti mbili zinatosha. Kinachomfaa zaidi ni vifungo vyenye taa vinavyomwonyesha nani anaongea na nani yuko huru.

Faida moja ya mpango huu haisemwi vya kutosha. Simu za chumba kwa chumba hazihitaji intaneti wala kadi SIM, zinapita kwenye kebo za ndani tu. Intaneti ikikatika mjini, mapokezi bado yanaweza kumwita daktari chumba cha nyuma, mradi umeme upo.

Intaneti isiachiwe kazi yote

Ofisi yenye tawi, tuseme moja Bukavu na nyingine Uvira, inaweza kupitisha mazungumzo ya matawi kwenye intaneti. Haihitaji njia kubwa: mazungumzo mamoja ya ubora wa kawaida hula karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Kinachosumbua ni kuchelewa kwa sauti. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Setilaiti za zamani, zilizo kilomita karibu 36.000 juu ya dunia, zinapita kiwango hicho, na ndiyo maana watu wanaoongea kupitia kwake hukatana maneno. Setilaiti za chini kama za Starlink, ambayo ARPTC iliipa kibali mwaka 2025, hazina tatizo hilo kwa kiasi hicho.

Lakini mashariki mwa Kongo hatuwezi kupanga kana kwamba intaneti haikatiki. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano ya Goma, umeme na intaneti vilikatika katika siku ambazo kila familia ilikuwa ikitafuta ndugu zake. Ofisi inayopokea simu zote kupitia intaneti peke yake inajifunga kamba moja shingoni. Weka kadi SIM za mitandao miwili tofauti, hata kama mmoja ni ghali zaidi.

Piga hesabu ya umeme

Simu moja ya SIP hula wati tatu hadi tano hivi. Simu nne, kisanduku cha kadi, mtambo mdogo na ruta vinaweza kufika wati 45. Kwa saa nane za kazi, hizo ni wati-saa 360, na zaidi kidogo ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Kama ni ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, yaani 600. Basi batri moja iliyo nzima, ikijazwa kila siku na jua au umeme wa mji, inabeba ofisi hiyo siku nzima ya kazi. Kwa ofisi ya simu moja ya GSM, batri ya ndani inatosha. Jambo la kuuliza ni kama dukani kuna batri ya kubadilisha.

Namba ni mali ya ofisi

Hata ukichagua chombo kizuri, kazi haijaisha. Andikisha kadi SIM kwa jina la taasisi, pamoja na hati zake kama RCCM, wala si kwa jina la sekretari au la shemeji wa mkubwa. Karatasi ya kadi, ile yenye namba za PIN na PUK, ikae kwenye sanduku la mhasibu. Kadi ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money ya ofisi isiwe ileile iliyo mezani ambapo kila anayepita anaweza kushika simu. Andika namba mbili za ofisi kwenye kibao cha mlangoni, kwenye fakitire na kwenye muhuri, na uweke daftari kando ya simu: saa, jina, shida, nani alijibu.

Mfanyakazi akiondoka, atakabidhi ufunguo na daftari. Namba itabaki mezani, na atakayekuja baada yake ataijibu.