Anayebeba Mizigo ya Wengine Naye Ashikwe Mkono

Ilikuwa zamu yetu ya usiku, miaka mingi iliyopita. Kwa mara ya tatu katika mwaka ule ule aliletwa wodini msichana mmoja aliyejiumiza kwa mikono yake mwenyewe. Tulimsafisha vidonda, tukamfunga, tukampa dawa na kujaza faili lake. Hayo tulifundishwa chuoni na tuliyafanya vizuri. Lakini maneno yaliyotutoka midomoni hatukufundishwa na mtu. "Wewe tena? Huna kazi nyingine ila kutusumbua?" Mwenzetu mmoja akaongeza kwamba binti yule anajitia tu, anataka kuonewa huruma. Msichana akageukia ukutani, wala hakusema neno mpaka asubuhi.

Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumechoka, tena tulikuwa na hofu, kwa sababu hatukujua la kufanya. Nawe mama mwenzetu, je, hujawahi kumwambia mtoto wako maneno ya namna ile, kisha ukajuta usiku?

Siku hizi tunajua kwamba kumsaidia mtu kama yule ni kazi inayosomewa, kama ukunga unavyosomewa. Ipo tiba ya mazungumzo iliyoanzia Marekani, inayoitwa tiba ya tabia kwa njia ya dialektika. Anayetaka kuitoa hupitia mafunzo ya pekee. Tumeona vema tuyaeleze mafunzo hayo hapa, maana yana jambo la kutufundisha hata sisi tusio washauri wa tiba.

Binti aliyefungiwa chumbani

Aliyeianzisha tiba hii ni Marsha Linehan, aliyezaliwa mwaka 1943 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma. Mwaka 1961, akiwa na umri wa miaka 17, aliingizwa katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Hartford, Connecticut. Alikuwa akijikata na kujiumiza bila kukoma. Alifungiwa peke yake chumbani, akapewa dawa kali na kupitishiwa umeme kichwani. Akakaa huko kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, na hakuna kilichoonekana kumfaa.

Humo ndani aliweka nadhiri kwa Mungu. Aliahidi kwamba akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine. Mwaka 1967, akiwa Chicago, alikuwa akisali katika kanisa dogo la nyumba ya mafungo ya Kikatoliki, na hapo, kama alivyoeleza baadaye, alijisikia anapendwa, naye akaweza kujipenda mwenyewe. Alisoma chuo kikuu, akapata shahada ya udaktari wa falsafa katika saikolojia mwaka 1971, na baadaye akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle.

Habari hizo hakuzitangaza kwa muda mrefu. Mgonjwa mmoja, alipoona makovu mikononi mwake, alimwuliza kama naye alikuwa mmoja wao. Mwaka 2011 alisimama mbele ya watu katika hospitali ile ile alikolazwa ujanani, akasema yote. Mwaka 2020 akayaandika katika kitabu cha maisha yake.

Kweli mbili pamoja

Linehan alipoanza kazi, aliwachagua wagonjwa ambao wengi waliwakimbia: waliojaribu kujiua mara kwa mara, na wengi wao wakiwa na ugonjwa wa nafsi ambao wataalamu huuita bodalaini. Mgonjwa wa namna hii hisia zake huwaka haraka na huchelewa kupoa. Ni kama mtu aliyeungua ngozi. Unapomgusa kidogo tu, analia.

Kwanza alijaribu kuwafundisha wabadili tabia. Wakakasirika, wakaona wanalaumiwa. Kisha akageuka, akawa anawasikiliza na kuwapokea tu jinsi walivyo. Hapo nako wakakata tamaa, wakaona hakuna anayewatoa shimoni. Ndipo akajua kwamba mambo haya mawili hayana budi kwenda pamoja. Mgonjwa anajitahidi kadiri awezavyo. Na hata hivyo anahitaji kujitahidi zaidi. Machungu yake ni ya kweli. Na njia anayoitumia kuyatuliza inamwangamiza. Kuzishika kweli mbili zinazoonekana kupingana, bila kuitupa hata moja, ndiko kunakoitwa dialektika.

Je, tiba hii inasaidia? Matokeo ya utafiti wa kwanza mkubwa yalichapishwa mwaka 1991. Mwaka 2006 ulitolewa utafiti mwingine wa wanawake 101, waliotibiwa kwa mwaka mmoja na kufuatiliwa mwaka mwingine. Walinganishwa na wenzao waliotibiwa na washauri wenye ujuzi kwa njia nyingine. Waliopata tiba hii walijaribu kujiua kwa kiasi cha nusu tu ya wale wengine. Kwa sisi tuliowahi kumfunika marehemu kijana kwa shuka, nusu hiyo si hesabu ndogo.

Darasa la siku kumi

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe. Wanaofundishwa ni wanasaikolojia, madaktari, maofisa ustawi wa jamii na wauguzi. Mfumo uliojulikana zaidi ni wa siku kumi za darasani, zilizogawanywa sehemu mbili. Watu husoma siku tano, kisha hurudi makazini mwao kwa muda wa miezi sita hivi, wakianzisha huduma na kufanya kazi walizopewa. Baada ya hapo hurudi kwa siku tano nyingine, wakieleza mbele ya wenzao na walimu walichofanya, walipoanguka na mgonjwa gani amewashinda.

Jambo la kushangaza ni hili: mtu haendi peke yake. Wanakwenda kikundi kizima kinachofanya kazi pamoja. Aliyesoma peke yake akirudi kazini, wenzake watamwambia, "Hayo ya kwenu huko," na baada ya muda mfupi elimu yake itakauka kama mche usiomwagiliwa.

Huko wanajifunza mambo mengi. Wanajifunza kumpa mgonjwa kadi ya kujaza kila siku: leo nimejisikiaje, tamaa ya kujidhuru ilikuwa kali kiasi gani, nilifanya nini. Wanajifunza utaratibu wa mazungumzo, kwamba la kwanza kabisa ni lile linalohatarisha maisha, la pili ni lile linaloizuia tiba yenyewe, na mengine hufuata. Wanajifunza kuufuata mnyororo: kabla ya kujikata kulikuwa na nini? Ugomvi. Na kabla ya ugomvi? Usingizi haukuja, chakula hakikuliwa, simu haikupokewa. Pete moja ya mnyororo ikikatwa, balaa huweza kuzuilika.

Wanajifunza pia kufundisha stadi nne: kutulia na kuwa makini na saa hii iliyopo, kustahimili dhiki bila kuiongeza, kutawala hisia, na kuelewana na watu bila kujidhalilisha. Stadi hizo hufundishwa katika kikundi cha wagonjwa kila wiki, mbali na mazungumzo ya mgonjwa na mshauri wake. Naye mshauri sharti azitumie mwenyewe kwanza. Huwezi kumfundisha mwenzako kuogelea nawe umesimama ufukoni na viatu.

Wakiwa darasani huigiza. Mmoja anakuwa mgonjwa anayepiga simu usiku, mwingine anakuwa mshauri. Mgonjwa huruhusiwa kupiga simu kabla hajajiumiza, apate msaada mfupi wa kutumia stadi alizojifunza. Akishajiumiza, mazungumzo hayo ya simu husubiri saa 24, ingawa hatari ya uhai hushughulikiwa mara moja. Mgonjwa anajua kwamba msaada huja anapouomba mapema, hahitaji kumwaga damu ndipo asikilizwe.

Upo pia utaratibu wa kuthibitisha ujuzi wa mshauri, ambapo hufanya mtihani na kutoa kanda za mazungumzo yake na wagonjwa ili zipimwe. Cheti cha kuhudhuria tu hakitoshi.

Kikundi cha kuwatibu wanaotibu

Lakini sehemu iliyotugusa kuliko zote ni hii. Katika tiba hii kila mshauri lazima awe katika kikundi kinachokutana kila wiki, na kazi ya kikundi hicho ni kumtunza mshauri mwenyewe. Linehan aliona kwamba anayewasikiliza watu wanaotaka kufa, akiachwa peke yake, atafanya moja kati ya mawili: atakuwa mkali, au atachoka na kukimbia. Kwa hiyo kikundi si anasa wala mapumziko ya chai. Ni sehemu ya dawa.

Wanaoingia katika kikundi hukubaliana mambo kadhaa. Wanakubali kwamba kila mmoja wao anaweza kukosea, hivyo hakuna haja ya kujitetea. Wanakubali kwamba kila mshauri ana mipaka yake, anayeweza kupokea simu usiku na asiyeweza, na hakuna aibu kuitaja. Tena wanakubali kutafuta maelezo yasiyo ya dharau kuhusu mgonjwa. Mmoja akisema, "Huyu mama anatuchezea," wenzake humsimamisha kwa upole na kumwuliza: je, inawezekana ana hofu? Inawezekana hii ndiyo njia pekee aliyoijua tangu utoto?

Tuliposoma hayo tulikumbuka usiku ule wodini. Tulikuwa wauguzi watatu, na hakuna hata mmoja aliyemsimamisha mwenzake. Laiti mmoja wetu angesema tu, "Dada, umechoka, nenda ukanywe maji, mimi nitakaa naye."

Nasi nyumbani na kanisani

Wapendwa, kusoma ukurasa huu hakumfanyi mtu kuwa mshauri wa tiba. Lakini yapo manne tunayoweza kuyachukua.

La kwanza, amini machungu kabla ya kurekebisha tabia. Binti anarudi na kusema, "Sirudi tena shule ile!" Wengi wetu hujibu, "Utarudi, utake usitake!" Jaribu hivi: "Naona kuna jambo limekuumiza. Kaa hapa, niambie lilianzaje." Hukukubali aache shule. Umekubali kwamba ameumia. Kesho mtazungumza habari ya shule akiwa na masikio ya kusikia.

La pili, fuata mnyororo. Badala ya kuuliza, "Kwa nini umefanya hivi?" kwa sauti ya hakimu, uliza kilichotangulia, na kilichokitangulia hicho.

La tatu, jua mpaka wako. Mtu anayesema anataka kufa, au aliyejidhuru, asiachwe peke yake. Weka mbali dawa na sumu za shambani, mpeleke hospitali mapema, nawe ufuatane naye. Wala usiogope kumwuliza kwa upole kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafuu kuona kwamba kuna anayethubutu kusikia. Maombi yaendelee, na matibabu yaendelee. Kimoja kisikifukuze kingine.

La nne, usibebe peke yako. Sisi akina mama tunajisifu kwa kubeba. Mke wa mlevi anakuja kwetu, mjane anakuja, binti aliyepata mimba anakuja, na tunaporudi nyumbani tunawafokea watoto wetu bila sababu. Tafuta wenzako wawili watatu wanaojua kutunza siri. Mkutane. Msiyatoe majina ya watu mnaowasaidia, ila semeni ninyi wenyewe mmechoka wapi, mmekosea wapi, mmeanza kumdharau nani moyoni. Mwenzio akikusimamisha, usinune. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Msichana wa usiku ule aliondoka wodini baada ya siku nne. Hatukuwahi kujua alikokwenda. Tungemwona leo tungemwomba radhi. Kwa kuwa hatuwezi, tumeazimia kwamba anayekuja sasa, hata akiwa anakuja kwa mara ya tatu au ya kumi, atakaribishwa kwa neno jingine: "Karibu, mwanangu. Pole. Keti tuzungumze."