Kiyoyozi Kinachojiendesha Garini: Mfano wa Njia ya Kapsoit

Barabara itokayo Kericho kuelekea Kisumu hupitia Kapsoit, kisha huteremka hadi Ahero katika nyanda za Kano. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ahero haifiki mita 1,200. Kwa kuwa hewa hupoa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, msafiri huuacha ubaridi wa mashamba ya chai na punde akakutana na fukuto. Kiyoyozi cha kawaida humlazimu dereva kugeuza vitufe njia nzima. Kile kinachojiendesha, kilichoanza kuuzwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1964, humtaka ataje kiwango kimoja tu, tuseme nyuzi 22.

Kompyuta ndogo hupokea habari kutoka kwa vihisi: kimoja hupima joto la ndani, kingine la nje, na cha tatu, juu ya dashibodi, hupima ukali wa jua. Feni hupuliza hewa kupitia kipoza, ambacho baridi yake hukaribia kugandisha maji. Kisha kilango huamua ni kiasi gani cha hewa hiyo kipitie kwenye kipasha joto, kinachotumia maji moto ya injini. Yaani hewa hupozwa kwanza, halafu hupashwa! Ndiposa jina kiyoyozi, ambalo wengi hulielewa kuwa ni ubaridi mtupu, halitoshelezi.

Hata hivyo, huo si upotevu. Hewa inapopozwa, mvuke wake hugeuka matone na kudondoka chini ya gari. Inayorudi ndani ni kavu. Mvua ya alasiri inaponyesha Kapsoit na abiria wamefunga madirisha, pumzi zao hutanda ukungu kwenye kioo cha mbele. Dereva anayezima kompresa ili kuokoa petroli hujinyima kifaa kinachokausha kioo hicho, akabaki kukipangusa kwa kitambaa huku lori likimjia kwenye kona.

Aidha, wapo wanaofika Ahero wakateremsha kiwango hadi nyuzi 18, wakidhani gari litapoa upesi zaidi. Haliharakishwi na lolote, kwani kukiwa na joto jingi, feni na kompresa huwa tayari zinafanya kazi kwa nguvu zote. Baadaye kidogo abiria huanza kutetemeka, na mmoja wao hufungua dirisha.